Mgeni, Amani ya Nchi na Riziki Yake

Somo letu la mara hii halikutoka kitabuni. Lilitokana na maneno yaliyosemwa katika darasa letu la hapa Endarasha, usiku wa Alhamisi moja ya baridi kali, baada ya sala ya Isha, tulipokuwa tukingoja chai. Ndugu mmoja wetu, mkulima wa viazi na vitunguu, mtu mwema ambaye hatujapata kumsikia akimsengenya mwenzake, alikuwa ametoka kuuza mavuno yake kwa bei isiyorudisha hata gharama ya mbegu. Akasema kwa uchungu ya kwamba nchi imejaa wageni. Ya kwamba wao ndio waliotuharibia soko na wao ndio waletao mabomu. Na ya kwamba lau angepewa amri yeye, angewafungasha wote kwa siku moja. Baadhi ya ndugu wakaitikia. Wengine wakapinga. Mjadala ukawaka, hata chai ilipoletwa ikapoa vikombeni.

Na hapa pana jambo la aibu ambalo yatupasa tulieleze. Karibu na mlango alikuwa ameketi kijana mmoja, mkimbizi kutoka Ethiopia, ambaye kwa muda sasa afanya kazi dukani na husali nasi. Hapana hata mmoja wetu aliyemkumbuka. Naye hakusema neno. Alinyanyuka, akavaa viatu vyake, akaenda zake kabla ya chai. Wiki iliyofuata hakuja, wala ile ya pili yake.

Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu kuyarudia mas'ala haya kwa utulivu, kwani usiku ule kila mtu alinena na hapana aliyesoma. Hatuandiki ili kumdhalilisha ndugu yetu mkulima. Maswali yake yote mawili, la amani na la riziki, ni maswali ya haki, na mwenye kuyadharau hatapata wa kumsikiliza. Lililo baya ni kuyajibu kabla ya kuyapima.

Tuanze na amani. Mtu asemaye kwamba hajapata kuingia nchini mgeni mwenye nia mbaya, huyo hasemi kweli. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani mjini Nairobi ulilipuliwa, wakafa watu 213, walio wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wapita njia. Miongoni mwa waliolipanga jambo lile walikuwamo wageni walioishi katika pwani yetu kwa majina ya uongo, wakaoa na kufanya kazi kama jirani wema. Kadhalika tarehe 21 Septemba 2013, walioingia Westgate wakaua watu 67 walikuwa wametoka nje; mmoja aliyetajwa kuwa kati yao alikuwa amelelewa Norway. Haya ni ya kweli, na serikali isiyouchunga mpaka wake haitimizi amana ya raia zake.

Lakini ukurasa wa pili nao lazima usomwe. Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao vijana wa kusoma. Mmoja wa wauaji, kwa maneno ya serikali yenyewe, alikuwa Mkenya aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Tarehe 15 Januari 2019 hoteli ya DusitD2 ilishambuliwa, wakafa watu 21, na mmoja wa walioongoza shambulio lile alikuwa mzaliwa wa Kenya, mwana wa askari wa jeshi la Kenya. Hawa hawakuja wakiomba hifadhi katika mpaka wowote. Walizaliwa humu, wakasomea humu, na vitambulisho vyao vilikuwa halali. Ukuta ungejengwa kutoka Mandera hata Kiunga usingewazuia, kwani wao walikuwa ndani.

Twaomba msomaji asimame kidogo juu ya yule chifu wa Mandera. Kabla ya msiba ule, yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kutoa khabari kwa wakubwa kwamba mwanawe amepotea na kwamba anamkhofia. Basi fikirini. Chombo chenye nguvu kuliko vyote katika ulinzi wa nchi si bunduki wala kizuizi cha barabarani. Ni baba mwenye kuthubutu kwenda kituoni akasema: simwelewi mwanangu. Baba huyo atakwenda ikiwa ana yakini ya kwamba atasikilizwa kama raia. Akiwa na khofu ya kwamba siku atakapotaja jina la mwanawe watakamatwa ndugu zake wote na kabila lake lote, atafunga mdomo wake, naye hatakuwa wa kwanza kuufunga.

Na khofu hiyo haikutoka hewani. Mwezi wa Aprili 2014 iliendeshwa Nairobi operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Katika mtaa wa Eastleigh na mingineyo walikamatwa watu wapatao 4,000, wengi wao Wasomali, raia na wakimbizi pamoja, na wengi wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani wachujwe. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika wakati ule kwamba mwenye fedha alitoka na asiye nazo alibaki, na hata taasisi ya kuwasimamia polisi, IPOA, ilitoa ripoti ya kuikosoa kazi ile. Hebu tulipime jambo hili kwa akili ya mwenye duka, bila huruma yoyote. Chujio ambalo hupitisha mwenye fedha na kumzuia mnyonge litamshika nani? Yule aliyetumwa kufanya uovu hukosa vitu vingi, lakini fedha za hongo hakosi. Litakayemshika ni mama muuza nguo aliyesahau karatasi nyumbani.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo usiku ule tulipojisahau kabisa.

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya Kiingereza iliuzunguka mji wa Nairobi kwa majeshi. Waliotafutwa hawakuwa watu waliofanya kosa fulani. Waliotafutwa walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Operesheni ile waliiita Anvil, yaani fuawe, lile chuma la mhunzi. Watu walipangwa mistari, mbele yao akaketi mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, naye kwa kutikisa kichwa tu aliamua ni nani aendaye kizuizini. Waliwekwa kizuizini zaidi ya watu 20,000, wakapelekwa Manyani, Mackinnon Road na Lang'ata, na maelfu wengine wakarudishwa kwa nguvu huku milimani pamoja na wake na watoto wao. Wakati uo huo Wakikuyu waliokuwa wakilima katika mashamba ya Bonde la Ufa walikuwa wamekwisha kufukuzwa na kurejeshwa katika ardhi ambayo wengine wao hawakuwa wameiona tangu kuzaliwa. Nyeri haina ukoo usio na hadithi ya gunia lile. Wazee wetu waliitwa tatizo la usalama. Hawakuulizwa: umefanya nini? Waliulizwa: wewe ni kabila gani?

Serikali ile nayo ilikuwa na hoja, na hoja yenyewe ilikuwa sawasawa na yetu ya Alhamisi: kwamba hapana nafasi ya kumwuliza kila mmoja, basi wakamatwe wote, mwema na mbaya watajulikana baadaye. Matokeo yake yanajulikana. Wengi walioingia kizuizini wasiwe na upande, walitoka wakiwa na upande.

Tena tuitazame ardhi hii tuikaliayo. Naro Moru na Nanyuki, miji ambayo magari yetu hupita kila siku, majina yake ni ya Kimaasai. Wamaasai waliondolewa Laikipia kati ya mwaka 1911 na 1913 ili nafasi itolewe kwa walowezi wa Kizungu. Na baada ya vita vya kwanza vya dunia, wanajeshi wastaafu wa Kiingereza wakapewa mashamba humu. Wazungu wale ndio wahamiaji walioingia kwa nguvu wakawafanya wenyeji kuwa wageni, wakawavisha kipande shingoni ili wasitembee ila kwa ruhusa. Ulipokuja uhuru mashamba yakagawanywa, na wengi wa baba zetu wakaja Kieni kutoka Tetu, Othaya na Mathira, na mizigo kichwani. Hatusemi kwamba hatuna haki ya kukaa hapa, hati tunazo. Twasema tu kwamba neno "mgeni" ni lenye kuhamahama kuliko mtu mwenyewe. Ndugu zetu waliohamia Eldoret na Burnt Forest waliambiwa mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kwamba wao ni madoadoa. Maelfu yao walikimbilia Uganda. Uganda iliwapokea, na baadaye wengi wakahamishiwa Kiryandongo, wakapimiwa viwanja vya kujenga na kulima.

Hapo tumeingia katika swali la riziki, na wahenga wetu wametangulia kulijibu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hunukuliwa na watu wawili wenye nia mbalimbali. Mmoja hutaka kumfukuza mgeni asiye na kazi. Mwingine huona kwamba ndani yake mna amri kwa mwenyeji: jembe ni lake yeye, basi alitoe. Uganda imeifuata methali hii kwa sheria, kwani tangu sheria yake ya mwaka 2006 mkimbizi ana ruhusa ya kufanya kazi na kutembea. Hatusemi kwamba Uganda haina taabu. Imebeba wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na misaada inapopungua mzigo humwelemea mwenyeji.

Kwetu Kenya tulifanya kinyume. Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, zikikusudiwa watu wapatao 90,000. Kufika mwaka 2011 walizidi 400,000. Kwa muda wa miaka thelathini mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini ila kwa kibali, na kibali cha kazi kilikuwa adimu mno. Akazaliwa mtoto humo, akakua, akaoa, akazaa, mkono wake haujapewa jembe. Kisha tukamtazama tukasema: huyu anakula bure! Mnamo Mei 2016 serikali ilitangaza kuzifunga kambi zile kwa hoja ya usalama, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba tangazo lile halipatani na Katiba. Sheria mpya ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika mwaka 2022, imefungua mlango wa kazi, na mwezi wa Machi 2025 ukazinduliwa mpango uitwao Shirika, wa kuzigeuza kambi ziwe makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Mambo haya ni mazuri karatasini. Nasi ni watu wa Kieni. Tumepata kuona mifereji ya maji mizuri sana karatasini.

Je, mgeni huongeza au hupunguza? Kakuma, katika Turkana, palipimwa. Utafiti wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2016 ulikuta kwamba kuwapo kwa wakimbizi kumeongeza pato la Turkana kwa zaidi ya asilimia 3, na ajira kwa karibu kiasi hicho. Utafiti mwingine wa mwaka 2018, wa shirika la fedha la benki hiyo hiyo, ulikadiria kuwa soko la Kakuma lina thamani ya shilingi bilioni 6 hivi kwa mwaka na maduka zaidi ya 2,000. Mturkana auzaye mbuzi na makaa amepata mnunuzi ambaye hakuwapo.

Hata hivyo hatutaki kupamba. Faida ya nchi si faida ya kila mtu. Mwenye duka hufaidika kwa wateja wapya, na mwenye shamba hufaidika kwa vibarua. Lakini kibarua mwenyeji, ambaye hana cha kuuza ila mikono yake, ndiye akutanaye na mgeni uso kwa uso mbele ya mwajiri mmoja. Naye mgeni asiye na karatasi atakubali nusu ya ujira, si kwa kuwa yeye ni mwenye hila, ila kwa kuwa hana pa kushtakia. Mwajiri anajua. Basi ukweli ulio mchungu ni huu: anayemkatia kibarua wa Kikuyu ujira wake ni kukosekana kwa ile karatasi mkononi mwa mwenzake. Siku atakapoipata, atadai ujira kamili kama wewe, na mwajiri hatakuwa na sababu ya kukupita.

Tukafika kwenye vitunguu, maana ndugu yetu alikuwa akingoja. Twamwambia kwa heshima: vitunguu vilivyoiangusha bei yake havikuletwa na wakimbizi. Vilitoka Tanzania, pengine Mang'ola, vikapitia Namanga kwa malori, na walioagiza ni wafanyabiashara wa Kenya, raia safi kama yeye. Ikiwa pana dhulma katika biashara ile, dawa yake imo katika maghala ya kuhifadhia, katika ushirika wa wakulima na katika mikataba ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo soko lake la pamoja lilianza tarehe 1 Julai 2010. Kumfukuza kijana wa dukani hakutampandishia kitunguu hata senti moja. Tulipojaribu usiku ule kuwahesabu wageni waliomo sokoni kwetu, walihesabika kwa vidole, na miongoni mwao hapakuwa na mkulima wa vitunguu.

Tena mwenye kufunga mlango na akumbuke kwamba una pande mbili. Mwezi wa Juni 2019 mbunge mmoja wa Nairobi aliwatishia wafanyabiashara wa Tanzania na Uganda waliopo Gikomba. Bunge la Tanzania likachafuka, na serikali ya Kenya ikalazimika kuyakana maneno yale. Mwezi wa Julai 2025 ikawa zamu ya Tanzania: ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo za wakala wa fedha za simu, kutengeneza simu, na kununua mazao shambani. Kununua mazao shambani! Wangapi katika vijana wetu wa Karatina na Nyeri huvuka mpaka kwa kazi hiyo hiyo? Mwaka 2024 Wakenya walioko ng'ambo walileta nyumbani dola za Marekani bilioni 4.9 hivi. Fedha hizo ni jasho la watu ambao huko waliko huitwa wageni, na huko nako wako wasemao kwamba wageni wameharibu soko.

Na sisi tulio katika darasa la dini hatuwezi kudai kwamba jambo hili ni geni kwetu. Waislamu wa kwanza walikuwa wakimbizi. Mwaka 615 kundi lao lilivuka bahari likaomba hifadhi kwa Najashi wa Habasha, nchi ile ile aliyotoka kijana wetu wa mlangoni. Makuraishi wakatuma wajumbe na zawadi, wakamwambia mfalme kwamba watu hawa ni wapumbavu waliozua fitina, awarejeshe. Najashi alikuwa na haki ya kuichunga nchi yake, naye hakuwapokea kwa upofu. Aliwaita, akawauliza, akasikiliza pande zote mbili, ndipo akaamua. Wala Madina haikuwalisha wahajiri milele. Abdurrahman bin Auf alipoambiwa na ndugu yake wa Kiansari agawane naye mali nusu kwa nusu, alimwombea baraka kisha akataka aonyeshwe soko liko wapi. Alianza na jibini na samli. Hatukusoma mahali popote kwamba wachuuzi wa Madina walimwuliza kibali.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba mpaka na ulindwe, na anayeingia aandikwe, aulizwe na apewe karatasi ya kweli kwa muda mfupi, bila hongo. Atendaye uovu ashikwe kwa uovu wake, awe wa Mogadishu au wa Mweiga. Na aliyeandikwa aachwe afanye kazi mchana kweupe na alipe kodi. Mtu aliyeandikwa anajulikana. Aliyefukuzwa hatoweki; hujificha, na aliyejificha ndiye ambaye dola haimwoni. Sisi Waislamu wa huku milimani, ambao wengi wetu tumewahi kuulizwa "kwenu hasa ni wapi?" kwa sababu ya jina tu mbele ya meza ya ofisi, tulitazamiwa kulifahamu hili mapema kuliko wengine.

Juma lililopita ndugu wawili, mmoja wao ni yule yule mkulima, walikwenda dukani kumwangalia kijana. Walimkuta akipanga unga. Mkulima akamwomba radhi, wala hakuyazungusha maneno. Kijana akawaonyesha cheti chake cha ukimbizi, amekihifadhi ndani ya karatasi ya nailoni. Muda wake umekwisha, naye amekwenda mara tatu kukihuisha na kuambiwa arudi. Akasema kwamba usiku ule hakuondoka kwa hasira. Aliondoka kwa kuwa alikhofu mtu angemwuliza cheti mbele ya watu. Mkulima, ambaye ana shughuli Nairobi siku ya Jumanne, ameahidi kwenda naye mara ya nne na kuketi naye kwenye foleni.

Alhamisi hii alikuja. Aliketi pale pale karibu na mlango.